Mailman Ndani ya Windows Server: Barua Ikikwama, Anza Kutafuta Mpakani

GNU Mailman, programu ya kuendesha orodha za barua pepe, ilizaliwa na kulelewa katika Unix, na haina toleo linalosakinishwa moja kwa moja katika Windows. Hata hivyo ofisi nyingi tayari zina leseni ya Windows Server, mtaalamu wao wa TEHAMA ameizoea Windows, na mwenye bajeti haoni sababu ya kuongeza mashine nyingine kwa ajili ya orodha moja ya barua pepe yenye wanachama mia tatu. Kwa hiyo Mailman huingizwa kwa mlango wa uani: kupitia Cygwin (programu inayoigiza Unix juu ya Windows), kupitia WSL (sehemu ya Windows inayoendesha Linux ndani yake), au ndani ya mashine pepe ya Hyper-V yenye Linux kamili. Nimehudumia zote tatu. Anayeweza kuchagua na achague Hyper-V, kwa sababu zitakazoonekana hapo mbele. Lakini wengi wetu hurithi seva iliyokwisha kusimikwa na mtu aliyehama, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mrithi huyo.

Mailman huitegemea Unix kwa mambo ambayo mtumiaji wa kawaida hayaoni. Inatazamia mchakato mmoja uweze kuzaa michakato mingine kwa njia ya `fork`, kila faili iwe na mmiliki na kundi lake, faili za kufuli ziweze kuundwa kwa viungo vigumu vya mfumo wa faili, na kila mstari wa maandishi uishie kwa alama moja tu ya LF. Windows ina njia yake katika kila moja ya mambo hayo, na njia hiyo si mbaya, ila ni nyingine. Ndiyo maana hitilafu nyingi hazipatikani ndani ya Mailman wala ndani ya Windows. Hupatikana pale zinapokutana, na swali la kwanza kwa kila dalili ni hili: barua imesimama upande upi wa mpaka?

Mfano nitakaoutumia ni Windows Server 2022 yenye WSL 2 na Debian, ambamo mna Postfix (seva ya barua ya Linux) na Mailman 3, huku barua zote za ofisi zikipokelewa na Exchange (seva ya barua ya Microsoft) iliyo kwenye mashine nyingine ya mtandao huohuo. Orodha yetu ni `wanachama@orodha.example.org`. Barua ikiandikwa, Exchange huipeleka kwenye poti 25 ya Windows Server, Windows huisukuma ndani ya WSL, Postfix huipokea na kuikabidhi Mailman kwa LMTP (itifaki ya kukabidhiana barua ndani ya mashine) kwenye poti 8024, kisha Mailman huipitisha katika foleni zake za `in`, `pipeline` na `out`, na mwishowe huirudisha kwa Postfix ili isambazwe. Kila kituo huacha nyayo: Exchange katika ufuatiliaji wake wa ujumbe, Postfix katika logi ya barua ya Debian, Mailman katika `/var/log/mailman3`. Chukua Message-ID (kitambulisho cha pekee) ya barua moja iliyopotea, uifuate kituo kwa kituo mpaka nyayo zikatike. Anayeruka hatua hii akaanza kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha atakuwa na hitilafu mbili kabla ya saa sita mchana.

Barua zinakwenda ukiwa umeingia kwenye seva, zinasimama ukitoka

Hii ndiyo dalili inayowachosha watu zaidi, kwa kuwa kila fundi akiingia kuchunguza hukuta kila kitu kinafanya kazi. Chanzo chake ni kwamba WSL iliundwa kwanza kwa ajili ya watengenezaji wa programu, si kwa ajili ya seva. Debian iliyosakinishwa ni mali ya akaunti ya Windows iliyoisakinisha, na pasipo mchakato wowote ulioanzishwa kutoka upande wa Windows, WSL huihesabu kuwa haina kazi na kuizima. Huduma zinazoendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ndani yake hazitoshi kuiweka macho. Postfix inaweza kuwa katikati ya kupokea barua, na bado taa ikazimwa.

Dawa ni kuunda kazi katika Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, inayoanza seva inapowaka, inayotumia akaunti ileile iliyosakinisha Debian, na iliyoruhusiwa kuendelea hata kama mwenye akaunti hajaingia. Kazi hiyo iendeshe amri isiyokwisha, kwa mfano `wsl.exe -d Debian --exec sleep infinity`. Ndani ya Debian hakikisha `/etc/wsl.conf` ina sehemu ya `[boot]` yenye mstari `systemd=true`, la sivyo Mailman na Postfix hazitaanza zenyewe hata Debian ikiwa macho. Baada ya kuibadilisha faili hiyo, endesha `wsl --shutdown` ili isomwe upya.

Hapa nina kisa changu. Katika ofisi moja niliweka kazi hiyo, nikaijaribu kwa kuwasha seva upya mara mbili, nikaondoka nimeridhika. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu kwamba orodha imekufa. Nikaiamsha, siku tatu baadaye ikafa tena, karibu saa ileile. Nilisoma logi za Mailman nikakuta hazina kosa lolote, zimekatika tu katikati kama mazungumzo ya simu iliyoishiwa salio. Jibu lilikuwa kwenye kichupo cha Settings cha kazi yenyewe: Task Scheduler, isipoelekezwa vinginevyo, husimamisha kazi yoyote iliyozidisha siku 3. Ondoa alama kwenye kisanduku hicho siku unapoiunda kazi.

Kuna jamaa wa dalili hii, ambaye ni WSL 2 kukataa kabisa kuanza na kutoa kosa `0x80370102`. Mara nyingi maana yake ni kwamba Windows Server yenyewe ni mashine pepe, na aliyeiunda hakuiruhusu kuunda mashine pepe nyingine ndani yake. Kwenye mwenyeji wa Hyper-V, mashine ikiwa imezimwa, ruhusa hiyo hutolewa kwa `Set-VMProcessor` na chaguo la `-ExposeVirtualizationExtensions $true`.

Seva ilipowashwa upya, Exchange haiwezi kuikuta Postfix

Katika mpangilio wake wa kawaida WSL 2 hukaa nyuma ya mtandao wa ndani, na anwani yake inaweza kubadilika kila inapoanza upya. Ili barua ziingie, mtangulizi wako pengine aliandika kanuni ya `netsh interface portproxy` inayochukua poti 25 ya Windows na kuielekeza kwenye anwani ya WSL ya siku ile. Linganisha majibu ya `wsl hostname -I` na ya `netsh interface portproxy show v4tov4`. Zikitofautiana, umepata chanzo. Skripti fupi ya PowerShell inayofuta kanuni ya zamani na kuandika mpya, ikiendeshwa kila seva inapowaka, inatosha. Anwani zikilingana na bado poti haijibu, angalia kama huduma ya IP Helper inaendeshwa, maana portproxy haifanyi kazi bila hiyo.

Angalia pia ni nani anayeishikilia poti yenyewe, kwa `netstat -ano | findstr :25`. Namba ya mchakato iliyo mwishoni mwa mstari ikiwa ni ya `svchost.exe`, huenda ni portproxy, nayo iko mahali pake. Ikiwa ni ya `inetinfo.exe`, basi huduma ya zamani ya SMTP ya IIS (seva ya wavuti ya Windows) imewahi kukaa kwenye kiti, na lazima isimamishwe na kuzuiwa isianze tena.

Foleni ya Postfix imejaa barua za watu msiowajua

Dalili hii ndiyo iliyo na hatari kuliko zote humu. Unaendesha `mailq` na kukuta maelfu ya barua zinazokwenda kwenye anwani za ng'ambo, hakuna hata moja iliyotoka kwa mwanachama, na baada ya muda mfupi barua halali za ofisi nzima zinaanza kukataliwa kwa sababu anwani yenu ya intaneti imeingizwa kwenye orodha za wachafuzi.

Namna inavyotokea ni hivi. Portproxy haisafirishi muunganisho wa awali; inaupokea, kisha inafungua muunganisho mwingine mpya kuelekea WSL. Postfix kwa hiyo haimwoni mtumaji halisi, inaiona anwani ya Windows yenyewe, awe mtumaji ni Exchange ya chumba cha pili au ni mhalifu wa bara jingine. Siku moja fundi aliona Postfix ikikataa barua kwa `Relay access denied`, akatazama logi, akaona anwani ya Windows imekataliwa, akasema moyoni mwake kwamba hii ni yetu, akaiongeza kwenye `mynetworks`, orodha ya anwani ambazo Postfix huziamini. Kuanzia dakika hiyo kila aliyeweza kuifikia poti 25 ya Windows alikuwa mwenyeji, na Postfix ikambebea mizigo yake pasipo kumuuliza jina.

Kwanza zima kanuni ya portproxy ili mlango ufungwe, ndipo usafishe foleni. Ukianza kwa kusafisha, foleni itajaa tena mikononi mwako. Barua zisizotakiwa huondolewa kwa `postsuper -d` na namba ya kila barua, na kama una hakika hakuna halali ndani yake, kwa `postsuper -d ALL`. Ondoa anwani ya Windows kutoka `mynetworks`, kisha tatua lile tatizo la awali mahali pake: `Relay access denied` kwa barua inayokwenda kwenye orodha yako maana yake ni kwamba Postfix haijui kuwa kikoa cha orodha ni chake, na jibu limo katika `relay_domains`, kwenye sehemu inayofuata hapa chini. Mwisho andika kanuni ya ukuta wa moto wa Windows inayoiruhusu poti 25 kwa anwani ya Exchange peke yake. Kabla ya kuiandika tafuta kama ipo kanuni nyingine ya zamani inayoiruhusu poti hiyo kwa watu wote, kwa sababu ruhusa pana ikiwepo, ile finyu haizuii chochote.

Ni kwa sababu ya kasoro hii hasa napendelea Hyper-V. Mashine pepe iliyounganishwa kwa swichi ya nje hupata anwani yake katika mtandao, Postfix humwona kila mgeni kwa sura yake, na hakuna kanuni ya kuelekeza poti inayohitaji kuandikwa wala kukumbukwa. Matoleo mapya ya WSL yana hali ya mtandao inayoitwa `mirrored`, inayopatikana kuanzia Windows 11 toleo la 22H2, ambayo inapunguza tabu hii. Lakini Windows Server 2022 haimo katika wanaoipata.

Postfix inaipokea barua, Mailman haiioni

Soma maneno ya kosa katika logi ya Postfix kwa makini, kwani kila moja lina chanzo chake. `User unknown in local recipient table` humaanisha kwamba Postfix inaitafuta orodha miongoni mwa watumiaji wa Debian. Katika `main.cf`, `transport_maps` na `local_recipient_maps` zielekezwe kwenye faili ya `postfix_lmtp`, na `relay_domains` kwenye `postfix_domains`. Faili zote mbili huandikwa na Mailman katika saraka yake ya data. Zikiwa tupu au zimepitwa na wakati, endesha `sudo -u list mailman aliases` uziandike upya. Kama barua za kawaida zinafika ila zile za `wanachama-request` na `wanachama-owner` zinapotea, weka `owner_request_special = no`. `Connection refused` kwenye poti 8024 haina fumbo: Mailman imelala, na `systemctl status mailman3` itakuambia tangu lini.

Katika amri ya hapo juu sikuweka `sudo -u list` kwa mapambo. Mailman hukataa kuendeshwa na root, akaunti kuu ya Linux, na hukudokezea chaguo la `--run-as-root` kwa anayeng'ang'ania. Anayelitumia huacha nyuma yake faili zinazomilikiwa na root, ambazo michakato ya Mailman haiwezi kuzifungua kesho yake. Hapo barua huingia, zikakaa katika foleni, na hakuna anayezigusa. `find /var/lib/mailman3 ! -user list` inawafichua wageni hao wote kwa mara moja.

Barua zinapokelewa lakini hazitoki

Tazama saraka za foleni. Faili za `.pck` zikirundikana katika `out`, Mailman inashindwa kuikabidhi Postfix, na `smtp.log` itaeleza sababu. Zikirundikana katika `shunt`, kosa lilitokea wakati barua inashughulikiwa na Mailman imeiweka pembeni isipotee. Tafuta kosa lenyewe katika logi, lirekebishe, ndipo uendeshe `mailman unshunt`. Ukiendesha `unshunt` kabla ya kurekebisha, barua zitazunguka na kurudi palepale.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika hali hii lilianza kwa nia njema. Diski C ilikaribia kujaa, mtu akahamisha data ya Mailman kwenda `/mnt/d`, kwenye diski kubwa ya Windows. Kwa mpangilio wa kawaida wa WSL, faili zilizo huko hazina mmiliki wa Linux unaoweza kumbadilisha; `chown` na `chmod` hazifanyi kazi kama kawaida, kazi yenye faili ndogo nyingi huwa nzito, na programu ya kukinga virusi ya Windows hufungua kila faili ya foleni wakati Mailman nayo inataka kuipa jina jipya. Lipo chaguo la `metadata` la kuweka katika `/etc/wsl.conf`, na hutibu suala la umiliki, lakini mengine huyaacha yalivyokuwa. Rudisha data ndani ya mfumo wa faili wa Debian. Kama nafasi ndiyo tatizo, hamisha Debian nzima kwa `wsl --export` na `wsl --import` kwenda diski D. Hapo faili ya diski pepe ndiyo inayokaa Windows, na kilichomo kinabaki Linux.

Faili inaonekana sahihi lakini inakataliwa

Katibu alikuletea majina kutoka Excel, ukayaingiza kwa `mailman addmembers`, na wote wakapata barua isipokuwa wa kwanza katika orodha. Unamfuta, unamwandika upya kwa kunakili mstari uleule kutoka faili ileile, na bado. Fungua faili hiyo kwa `head -1 majina.csv | od -c` utaona kabla ya herufi ya kwanza baiti tatu, `357 273 277`, ambazo macho hayazioni: ni alama ambayo Excel huitanguliza inapohifadhi CSV ya UTF-8. Mwishoni mwa mstari utaona pia `\r` kabla ya `\n`, ambayo ni desturi ya Windows. `dos2unix` huondoa vyote viwili.

Alama hiyohiyo ya `\r` ndiyo inayofanya skripti iliyohaririwa kwa Notepad ikatae kuanza kwa maneno `bad interpreter`, ilhali mkalimani yupo na jina lake limeandikwa vizuri. Hariri mipangilio ukiwa ndani ya Debian, au kwa kihariri ulichokiagiza kihifadhi mistari kwa LF.

Kurasa za wavuti

Hapa sababu ni chache na zinajulikana. `Bad Request (400)` hutokana na jina la seva kutokuwemo katika `ALLOWED_HOSTS`. Ujumbe kwamba REST API ya Mailman (njia ambayo kurasa za wavuti huzungumza nayo) haipatikani humaanisha kiini cha Mailman kimelala au nenosiri lililo katika `mailman.cfg` halilingani na lililo katika `mailman-web.py`. Barua zikisambazwa vizuri lakini hazionekani katika kumbukumbu za HyperKitty (sehemu ya Mailman inayohifadhi na kuonyesha barua za zamani), linganisha ufunguo wa `MAILMAN_ARCHIVER_KEY` na ule ulio katika `mailman-hyperkitty.cfg`, barua zenyewe hazijapotea, zinasubiri kwenye spool, saraka ya muda.

Seva ya zamani ya Cygwin

Ukikuta `fork: Resource temporarily unavailable` au malalamiko yenye neno `remap`, uko ndani ya Cygwin, ambayo huigiza `fork` juu ya mfumo usiokuwa nayo, na ambayo hutibuka programu ya kukinga virusi inapojipenyeza katika kila mchakato. Kutenga saraka ya Cygwin na ukaguzi wa virusi na kuendesha `rebaseall` hupoza kwa muda. Ila kilichomo humo kwa kawaida ni Mailman 2.1, inayohitaji Python 2, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Singetumia hata alasiri moja kuikarabati. Nakili `config.pck` ya kila orodha na faili ya mbox ya kumbukumbu zake, uvihamishie Debian, na utumie `mailman import21` kwa mipangilio na wanachama, kisha `hyperkitty_import` kwa barua za zamani.

Mambo ambayo Windows itasingiziwa

Barua inayofika ikiwa na kiambatisho cha `winmail.dat` badala ya hati aliyoituma mwanachama imefungashwa na Exchange, na huzimwa huko kwa `Set-RemoteDomain Default -TNEFEnabled $false`. Exchange hiyohiyo ikirudisha `550 5.7.54` kwa barua zinazotoka kwenye orodha, kiunganishi chake cha kupokea hakijairuhusu anwani ya Windows Server kupitisha barua za nje. Kumbuka kwamba barua zinazotoka WSL huonekana zimetoka kwa Windows.

Wanachama wenye anwani za Yahoo wakiandika, na barua zao zikawarudia au zikaingia taka kwa wengine, chanzo ni DMARC, kanuni ambayo kwayo mwenye kikoa hutangaza barua zenye jina lake zifanyweje zikishindwa uthibitisho. Tangu Aprili 2014 Yahoo huzitaka seva nyingine zikatae barua yenye jina lake ambayo haikutoka kwake au ambayo saini yake imevunjika, na Mailman huivunja saini inapoongeza jina la orodha kwenye kichwa cha habari au tanbihi chini ya barua. Katika mipangilio ya orodha, chini ya DMARC, chagua kubadilisha From iwe anwani ya orodha. Na kama ni Exchange inayobandika tangazo la ofisi chini ya kila barua, saini ya DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa) iwekwe baada ya tangazo hilo, si kabla.

Linabaki lalamiko la mwanachama mwenye Gmail kwamba barua aliyoiandika yeye mwenyewe haijamrudia, na kwa hiyo orodha haifanyi kazi. Gmail huitambua barua hiyo kwa Message-ID yake kuwa ni ileile iliyo katika folda ya zilizotumwa, na haimwonyeshi nakala ya pili. Mwonyeshe barua yake katika kurasa za kumbukumbu za orodha.